Bisibisi Kati ya Meno

Lilianza pale Bugembe, mteremko ukiisha:
sauti ndogo, kama mtu anayegonga kikombe chumba cha pili
halafu anakumbuka kuna mgonjwa, ananyamaza.
Nikazima redio. Nikafunga vioo. Nikavifungua tena.

Gari la miaka hamsini na tano lina mengi ya kusema
na mengi nayajua:
mlango wa nyuma unaolalamika kwenye matuta,
gia ya usukani inayokohoa ikiingia ya pili,
na tapeti, tiki-tiki-tiki, asubuhi kabla injini haijapata joto;
mama aliziita "jirani anakata mboga".
Huyu hakuwa jirani.
Huyu alibisha hodi kutoka ndani.

Walukuba, uani kwa mafundi,
vijana wanne wakaiinamia ile Pijo 404.
"Inaliaje, nyabo?"
Nikalia kwa mdomo wangu, mwalimu mzima:
kong-ko, kong-ko, na nikipanda kilima, kong'o-kong'o-kong'o.
Wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana.
Beringi hiyo. Hapana, petroli imetiwa mafuta ya taa.
Uza tu, nyabo, siku hizi chuma kina bei.

Ndipo Magoola akatoka uvunguni mwa lori,
akajifuta mikono kwa ovaroli chafu kuliko mikono.
Hakuniuliza inaliaje.
Masikio aliyaacha kiwandani,
miaka kumi na tisa kati ya mitambo ya kufuma kanga
ambazo wengine tulizivaa bila kusikia chochote.

Alichukua bisibisi ndefu,
mpini akauuma kwa magego,
ncha akaigusisha kwenye pampu ya maji. Akatikisa kichwa.
Kwenye dainamo. Hapana.
Kwenye kifuniko cha tapeti akatabasamu:
"Hawa waache wapige soga."
Halafu akainama zaidi,
maana injini ya Pijo hulala ubavu
kama mama wa miezi minane asiyepata usingizi,
akafumba macho, akainua mkono juu,
na vijana wote wakanyamaza
ingawa kimya chao hakikumfaa kitu.

Mkono ule ninaujua.
Mama, mkunga wa Kamuli, aliuinua hivyo hivyo
kipembe cha mti kikiwa sikioni, tumbo la mtu chini yake,
na hata kuku nje, nilivyoamini utotoni, walisita.

Akaanza waya za plagi, moja moja.
Ya kwanza akaichomoa: injini ikachechemea, kong-ko ikaendelea.
Ya pili: vile vile.
Ya tatu:

Sikusikia kitu. Yeye, naye,
ndiye aliyefumbua macho kwanza.
Akatoa chaki mfukoni, akaandika juu ya madigadi
tarakimu kubwa, ya mtoto wa darasa la kwanza: 3.
"Pini ya pistoni," akasema, kwa sauti ya mtu
aliyezoea kushindana na mitambo.
"Haijavunja kitu. Umeniletea mapema."

Mama naye aliwaambia hivyo waume
waliofika usiku wamepiga magoti kwenye kiti hiki cha nyuma.
Si wote. Kuna ambao
aliwarudisha kwao asubuhi, polepole, taa zikiwaka juani,
na mimi kitini mbele nikihesabu tiki-tiki.

Pini ilitoka Kampala siku ya sita,
imeviringishwa gazeti, imechomolewa kwenye gari jingine lililokufa Masaka.
Nililipa kwa mafungu matatu. La mwisho bado.

Jumamosi nikavuka daraja kwenda Njeru, vioo wazi.
Jirani alikuwa anakata mboga. Hapakuwa na mwingine.

Askari wa barabarani akanisimamisha,
akalizunguka gari, akauliza kwa Kiswahili cha kambini:
"Hii tatu ni ya nini?"
"Hapo ndipo palipokuwa panauma, afande."
Akatazama chaki, akanitazama mimi,
akagonga boneti mara mbili kwa kiganja,
taratibu,
akasubiri kidogo, kama kwamba litajibu,
akaniruhusu.