Msimu wa Chokaa

Kazi yangu ilikuwa chokaa.
Debe la mafuta ya taa lililokatwa mdomo,
ufagio wa chelewa, kamba ya katani yenye mafundo
niliyoivuta toka kibendera hadi kibendera.
Sajini Mwakireti alinipa senti kumi kwa mechi
na kipande cha mkate wa kambi.
"Nyoosha, kijana," husema. "Mpira na mzinga ni ndugu.
Ukipinda shibiri hapa, huko mbele umepinda maili."

Timu ya Mizinga, Likoni.
Jezi zao mifuko ya unga iliyochovywa bizari
kwa Bi Mwanatumu, nyuma ya msikiti;
zikafuliwa mara tatu, zikawa rangi ya meno.

Mechi ya kwanza na makuli wa Kilindini
tulifungwa manne.
Nasema tulifungwa,
nami sikuwa na kiatu wala namba.

Mpira ulikuwa mmoja.
Ndani, kiraka cha baiskeli;
nje, Nzioka kipa aliushona kwa uzi wa hema,
na kila akiudaka aliupapasa kwanza penye mshono
kama apapasaye jipu la mwanawe,
ndipo aupige.

Wiki ya tano wakaja mabaharia, Wazungu,
wekundu kama pweza aliyetoka chunguni,
wanakimbia miguu ikitafuta sakafu inayoyumba.
Opondo akafunga. Afisa mwenye filimbi akasema si goli.
Akasema tena si goli, kabla hajaulizwa.
Nyavu hatukuwa nazo, mashahidi tulikuwa watoto.
Basi arap Sitienei akautandika kutoka katikati,
ukapita baina ya milingoti, ukapita ua,
ukatumbukia jikoni, ndani ya sufuria la maharagwe.
Mpishi akatoka, mchuzi hadi kwenye nyusi.
Hilo hakuna filimbi iliyoweza kulikana.

Taa zilikuwa haramu siku zile,
vioo vyote vya mji vimepakwa weusi,
na mechi na Polisi ilichelewa kuanza.
Mwisho hatukuuona mpira, tuliusikia tu:
du, kimya, du,
kisha sauti ya Nzioka gizani:
"Ninao. Ninao mimi. Nendeni mkale."

Karani aliandika msimamo ukutani mwa stoo.
Kufikia Januari tulikuwa wa pili,
Reli juu yetu kwa pointi moja,
na mechi iliyobaki ilikuwa na Reli.

Ijumaa Sajini akanilipa kabla ya kazi.
Senti ishirini.
Nikamwambia umezidisha, Sajini.
Akasema, "Za mechi mbili."
Sikuuliza ya pili ni ipi.

Usiku malori yalishuka kwenda kivukoni bila taa.
Mama akasema ni mvua. Haikuwa mvua.

Jumamosi nilichora tangu alfajiri,
mistari minyoofu kuliko yote niliyowahi kuchora.
Reli wakavuka na feri, watu kumi na mmoja na ngoma.
Wakakaa kwenye mstari, wakachafua kaptula.
Saa kumi nahodha wao akaenda langoni.
"Hakuna mechi," akasema mlinzi.
"Wenyewe wako wapi?"
"Hakuna mechi."

Akarudi, akauweka mpira katikati,
akaupiga mara moja kuelekea goli lisilo na mtu.
Ulibingirika polepole.
Ulisimama kabla ya chokaa yangu,
na hakuna aliyekwenda kuusukuma.
Karani akaandika: Reli, pointi mbili.

Mvua za mwaka zikaja, wake zao wakaja nazo.
Walisimama langoni na barua za zamani mkononi.
Mlinzi, mwingine sasa, aliwaambia meli,
aliwaambia mbali,
akawaambia wangoje karatasi.
Mke wa Nzioka aliuliza kama ameacha chochote.
Nikampa uzi wa hema, kibonge kidogo.
Hakulia. Aliuvuta, akapima nguvu yake kwa jino.

Kambi ni shule sasa, wana goli la chuma na nyavu.
Senti kumi nilinunua kashata siku ile ile.
Zile kumi nyingine ninazo,
zina tundu katikati, nimezifunga kwenye kamba.
Mwakireti ananidai mechi.
Debe limeliwa na kutu, ila kamba
bado ina mafundo yake yote.