Kabla Sijakukabidhi Jiko

Muthiani, funguo ni tatu. Huu wa shaba
ni wa ghala la tembe. Wenye uzi mwekundu, wa jikoni.
Wa tatu sijui ni wa nini. Niliupokea hivyo
kwa Bi. Kerubo, naye hakujua. Utunze.

Sasa njoo tutazame bomba.

Unaliona linavyotoka mgongoni mwa jiko,
likapinda kiwiko, likatoboa ukuta,
likapanda nje hadi juu ya mabati?
Fundi Ondiek alilikunja Kamukunji kwa nyundo,
akanionya: "Mama, kila kiwiko ni kituo.
Moshi ukichoka, hapo ndipo utakapolala."

Na moshi haulali bure. Ukipoa huacha alama:
kwanza vumbi laini kama wanja,
kisha magamba, kisha gundi nyeusi inayong'aa
kama kiatu cha askari wa gwaride.
Vumbi utalifagia. Magamba utayakwangua.
Ile gundi, ndugu yangu, ni moto uliosinzia.

Mimi niliusikia ukiamka.
Julai, mwaka ule wa ukungu hapa Dagoretti
usioondoka hata saa sita mchana.
Tembe zilikuwa zimenyonya maji ya sakafu,
magunia yameegemea ukuta wenye jasho.
Mhasibu akataka tubane hewa, moto uwe mdogo,
vumbi la mbao lililoshindiliwa lidumu hadi shule ifungwe.
Nikabana. Nilikuwa mgeni, kama wewe leo.
Majuma matatu moto ulinung'unika bila kuwaka,
kioo kikawa cheusi, nami nikasema, labda ndivyo.

Asubuhi ya uji bomba likanguruma
kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.
Kiwiko kikawa chekundu.
Watoto mia mbili na kumi, foleni, vikombe mkononi.
Nikafunga mlango wa hewa, nikawasukuma nje,
na Bi. Kerubo akasimama uani, leso mdomoni,
akihesabu, akahesabu tena.
Walitimia. Bati moja liliungua. Uji ukamwagwa.

Kwa hiyo sikia.
Tembe zikae juu ya mbao, mbali na ukuta.
Chukua moja uivunje: ikilia tak, ni kavu.
Ikiwa unga mkononi, irudishe kwa muuzaji
hata akikuapia kwa mama yake.
Usiubane moto pumzi. Tazama ulimi wake:
uwe wa manjano, uliochangamka,
usiwe mvivu, wenye masharubu meusi.
Majivu yatoe kila alfajiri, yakiwa yamepoa.
Ijumaa, jiko likiwa baridi, fungua kifuniko kile cha chini,
tega karai, kisha pitisha brashi kutoka juu.
Kutoka juu! Mimi nilianzia chini, nikala masizi.
Mlango ubanie karatasi, uivute;
ikitoka bila kubishana, mpira umechoka.
Wahenga walisema tuzibe ufa. Sawa, ziba.
Ila mshahara wako hapa ni wa kuzibua.

Unauliza kwa nini naondoka.
Mama yangu kule Malava alipika miaka arobaini
kwa magunzi na kuni mbichi, dirisha moja,
nalo limezibwa kwa gunia, mvua isiingie.
Nilimleta Mbagathi mwezi wa pili.
Daktari akaiinua picha ya kifua chake kwenye mwanga,
akataja neno refu la ugonjwa.
Mimi sikulisikia vizuri. Nilikuwa natazama matawi yale,
kiwiko baada ya kiwiko,
na macho yangu, kwa mazoea tu,
yakashuka kutafuta kifuniko cha chini.

Brashi iko nyuma ya mlango.
Nywele zake zimeanza kulala upande mmoja.
Mwezi ujao dai mpya,
na mhasibu akisema subiri,
mpeleke ukamwonyeshe lile bati.
Sikuruhusu walitupe.