Usikioshe

Miaka kumi na moja nimeosha vioo vya Bi Onodera,
ghorofa ya nne, Sendai, dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli.
Kushindwa kwake nilikuona mimi kwanza:
utando wa kahawia shingoni mwa chupa,
gundi isiyojali maji wala asetoni.
Nasugua. Nanyamaza. Kesho ataleta nyingine.

Anachokiunda kimeshaundwa zamani
na vijidudu vya mwani, bila shule, bila mshahara,
juu ya matumbawe yaliyokufa huko Mangareva.
Samaki mdogo huvila, chewa humla mdogo,
na Tepano, fundi wa injini za mashua, akamla chewa
siku ya Jumapili, kwa tui.
Jumatatu alishika glasi ya maji ya barafu
akaiangusha: "Inaniunguza!"
Bi Onodera alikuwepo. Aliokota vigae.

Ingewezekana kuikamua sumu kwenye mikunga,
wale wa baharini, wenye meno:
tani kwa tani, upate kisichojaza ncha ya sindano.
Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.
Yeye hakuwatukana; aliwaachia mapango yao
akaja kuzalisha mwenyewe, pete kwa pete,
pete kumi na tatu zilizoshikana mabega.

Ya sita ilikataa.
Ilikataa cheri zikichanua, ikakataa theluji,
ikakataa hata mwaka ule tetemeko lilipomwaga kabati zima
nami nikazoa miaka yake mitatu kwa kizoleo.
Mumewe alipiga simu. Hakupokea.
Wanafunzi walikuja na nywele, wakaondoka na shahada.

Halafu Alhamisi moja ya Januari
nikakuta kichupa safi mezani.
Safi mno. Mkono ulikuwa njiani.
"Bi Hatakeyama, hicho usikioshe."

Ndani sikuona kitu. Nuru tu.
"Kimo," akasema. "Kinatosha kuzifundisha kingamwili
kumjua mwizi kwa sura,
ili samaki apimwe gatini, kabla ya sahani."
Kisha akacheka, au alilia;
barakoa huficha yote mawili.

Jioni nilimkuta kwenye sinki langu,
mikono chini ya bomba, maji ya kukata mifupa.
Sabuni hakuigusa.
"Baridi," alisema, kama anayehakiki hesabu.
"Bado ni baridi."

Nikampa taulo.
Kesho yake zililetwa chupa arobaini.