Jiaozi ya Kumi na Tisa

Kwa Bi Qu Yanqiu, mtaa wa Tiexi, mjini Shenyang,
huulizwi unataka sahani ngapi.
Unaulizwa: unga kiasi gani?
Jiaozi huuzwa kwa uzito wa unga uliozivika,
na liangi moja ni jiaozi sita, linyeshe theluji, liwake jua.

Meza tisa. Viti ishirini na tatu, kimoja kimefungwa kamba.
Kalenda ya duka la dawa ambayo bado iko Oktoba.
Dirisha linatoka jasho. Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri;
miwani ya kila anayeingia hugeuka maziwa,
naye husimama mlangoni akipapasa hewa
mpaka mtu amwite: huku, pana nafasi, sogea.

Mimi hutoka zamu ya usiku, ghala la samaki walioganda.
Vidole vyangu huamka kwanza, halafu mimi.
Namimina siki nyeusi, naponda kitunguu saumu kwa mgongo wa kijiko,
nasikiliza kifimbo jikoni: tak, tak,
kimya,
tak.
Peiyao anasukuma, mama yake anajaza, anafinya, anatupa ungoni,
kingo za kila moja zimebanwa
kama midomo ya mtu aliyeapa kutosema.

Mzee Luan hukaa karibu na bomba la joto.
Liangi tatu, kabichi iliyochacha na nyama ya nguruwe.
Huhesabu kabla ya kula, midomo ikicheza bila sauti.
Miaka thelathini na moja alikereza boliti katika kiwanda
ambacho leo ni maghorofa yenye jina la bustani.
Siku za kufunga, kisanduku kimoja cha boliti hakikuonekana.
Kilipopatikana, waliomhoji hawakurudi kumwomba radhi.
Hayo yeye hasemi. Tumeyasikia kwa wengine.

Alhamisi ile akainua kijiti.
"Bi Qu. Hizi ni kumi na tisa."
"Kula, Mzee."
"Nimelipia kumi na nane."
"Hiyo ilipasuka sufuriani, sikuihesabu."
Akaigeuza, akaikagua kifundi. "Haijapasuka."

Basi. Mzozo, juu ya kitu kisichozidi kidole gumba.
Mzee akasukuma sahani, Bi Qu akairudisha.
Dereva wa teksi akataka irushwe sarafu.
Bibi mmoja aliyevaa kofia mbili
akasema enzi zao ingekatwa kwa uzi, kila mtu nusu.
Na jiaozi yenyewe imetengwa pembeni,
inapoa, ngozi inakunjamana,
sote tunaikodolea macho kama mshtakiwa.

Ni mjukuu wa Bi Qu, aliyekuwa meza ya mwisho na hesabu zake za shule,
aliyekuja, akaiokota kwa mkono, akaila.
"Haina nyama," akasema. "Kabichi tupu."
Tulicheka hata sufuria ikafurika
na Bi Qu akakimbia akiutukana moto.
Mzee Luan hakucheka.
Alikunywa bakuli la maji yaliyochemshia jiaozi,
meupe, mazito kidogo,
akalipa, akavaa glavu moja baada ya nyingine, akaaga.

Wiki iliyofuata nilichagua kiti kinachoiona sahani yake.
Midomo ikacheza. Ikasimama.
Kumi na saba.
Deni limelipwa, nikawaza; nipe nikupe.
Lakini chini ya zile nyingine ililala moja
nene kama ngumi ya mtoto,
ngozi mbili zilizoungwa zikawa moja,
mshono mrefu, nadhifu,
mshono wa mtu aliyeupanga wiki nzima.

Mzee aliitazama.
Jikoni kifimbo kilinyamaza, na hakikurudi upesi.
Kisha akasema, bila kugeuza shingo:
"Leo kitunguu saumu mmekificha wapi?"