Gurudumu Lenye Utepe Mwekundu

Jumapili ya Aprili, kilomita ya mia moja sitini na mbili.
Nimesimama ukingoni mwa shamba la viazisukari,
gurudumu bega hili, gurudumu bega lile,
mkandaji wa timu, leo mchukuzi.
Mvua ya usiku imeacha tope jepesi kama uji.
Mbele yangu, mawe.

Yalipangwa kwa ajili ya mikokoteni ya makaa.
Hayakumwahidi mtu raha.
Kila itale na mgongo wake, na kinyongo chake,
na kati ya jiwe na jiwe pana mwanya
unaotosha gurudumu, au jino.

Bibi Ernestine, mwenye shamba, ameketi juu ya trekta na redio yake.
"Miaka thelathini tuliwaomba lami," anasema,
"wakatunyima. Sasa tukigusa hata jiwe moja, tunatozwa faini."
Anacheka, anatema maganda ya karanga.

Mwenda pole hajikwai?
Si hapa.
Hapa mwenda pole ndiye anayelambishwa tope.
Sharti uyaparamie kwa kasi, mikono ilegee,
usukani uuachie ucheze kama mbuzi mkaidi,
macho mbele, meno yaume,
mifupa isemezane yenyewe.

Kwanza helikopta.
Kisha pikipiki.
Kisha mtetemo unaopanda kutoka kwenye nyayo,
na wao hao, thelathini, nyuso zote moja,
udongo wenye macho.

Kapteni wetu alipita wa tatu au wa nne.
Hakuniangalia.
Lakini gurudumu lake la nyuma nililitambua:
kwenye vali palikuwa na utepe mwekundu
nilioufunga mwenyewe alfajiri,
kwenye baiskeli ya Lieven.

Basi nikajua, kabla redio haijanena,
kwamba huko nyuma kuna mtu
amesimama na fremu yenye gurudumu moja.

Nikangoja.
Wakapita kumi, wakapita wawili wawili.
Mmoja wa timu nyingine alininyooshea kiganja kinachovuja damu;
nikatikisa kichwa, nikatazama pembeni.
Likapita gari la kuzoa waliochoka,
dereva akanionyesha saa yake.

Ndipo Lieven akatokea, kwa miguu,
baiskeli begani, viatu vya njumu vikiteleza juu ya mawe
ka, ka, ka,
kama ng'ombe kwenye sakafu ya saruji.

"Amepita?"
"Amepita."
"Na gurudumu langu?"
"Lilikuwa zima."

Nilimfungia jipya. Vidole vyangu vilikuwa vizito kuliko vyake.
"Muda umekwisha," nikamwambia. "Hakuna anayekungoja."
"Najua. Lakini begi langu liko huko."
Zilibaki kilomita tisini na tano.
Bibi Ernestine alizima redio, akamtupia karanga.
Zilimwagika. Akapanda, akaenda.

Usiku, hotelini, tunakunywa supu ya vitunguumaji.
Kapteni alipasukiwa tena, akamaliza wa kumi na nne;
yuko juu, amejifungia chumbani.
Lieven ameoga, ila tope limebaki masikioni.
Miguu yake nimeikanda, imelala.
Mikono bado iko barabarani:
kijiko kinagonga bakuli, ka, ka, ka,
supu inaruka mezani,
na hapana anayecheka.

Nikavuta kiti.
Nikalishika bakuli kwa mikono miwili,
lisihame.