Mosi na Tano

Naishi hapa Langoni, nyumba ya boriti kumi,
mume wangu kaburini, ameniachia mimi
pensheni yake benkini, nayo huja, haisemi,
siku yake haihami: tarehe tano ya mwezi.

Mwanangu, yuko Mombasa, ndiye mjuzi wa simu:
"Mama, foleni za pesa kwa goti lako ni sumu;
nitakuwekea sasa agizo lenye kudumu,
bili zote, kwa nidhamu, zijilipe bila kazi."

Kagusa kioo chake mara tatu, kamaliza:
"Maji na taka niweke, na runinga kuliwaza,
zote mosi ziondoke, mwezi ukijitokeza."
Chai nikamuongeza, na mahamri, mbaazi.

Mosi ikabisha hodi, mimi bado ni maombi;
agizo, halina budi, likachakura ja jimbi,
likarudi, likarudi, kucha zimejaa vumbi,
na benki, kwa hiyo dhambi, ikakata kama uzi.

Mara tatu, bili tatu, kila moja na faini;
na maji wakaja watu kukata mferejini.
Ikaja tano, si kitu, imelika pembezoni
kama mofa ya sokoni iliyotafunwa juzi.

Sikumwambia mwanangu, asije akaumia.
Nikadhani ni majungu, husuda imeningia;
kafukiza kwenye chungu ubani, nikanuia,
simu nikaifungia, kwa kitambaa, hirizi.

Mwezi wa tisa kufika nikatwaa daftari,
nikaketi kuandika makato yote kwa siri;
jumla ilipotoka ni bei ya jiko zuri!
Nikajua si sihiri, na wala hapana mwizi.

Tazama: zote ni mosi! Si moja iliyo tano.
Siku nne tu, nafasi yenye upana wa wino;
nateleza humo kasi kila mwezi, bila neno.
Nilihitaji mkono, au kipande cha ngazi.

Sisi mwezi hutazama juu ya dari, kwa macho,
mwenye kuona husema, tukabishana kwa hicho;
wa benki waja daima, hautaki hata jicho,
huandama bila kicho, hata anga liso wazi.

Kesho yake nikatoka, goti langu likilia,
dirishani nikafika, Kadzo akanisikia,
daftari akashika, kwa kalamu akatia
duara, kaniambia: "Mama, hii ndogo kazi.

Tarehe si msahafu kwamba haibadiliki;
iwe saba, bila hofu, nyuma ya yako riziki.
Acha akiba hafifu chini, hata ya samaki,
agizo halikwamiki, hukatwi hata ya nazi.

Na runinga, watazama?" Nikacheka kwa aibu:
tangu Mfungo wa nyuma imezimika, i bubu.
"Nalipia giza, mama, kioo kisicho jibu!"
Kaifuta taratibu, kama doa la mchuzi.

Mosi ikaja, kaenda, hakuna aliyegonga;
tano, pesa zikapanda kimya, kama kwa kuringa;
saba, bili zikakonda, hazikutafuna unga.
Ndoo zangu nikapanga, mfereji uko wazi.

Jana Twalibu kapiga: "Agizo laenda, mama?"
Nami nachambua mboga, mchicha, nikasimama,
nikasema pasi woga: "Laenda, tena salama,
ila nililisukuma kwa siku sita za mwezi."

Hirizi sikuivua, simuni yaning'inia;
siku nimezitambua, na bado nazihofia.
Kila mosi naamua darini kuangalia,
daftari nashikia, nikiusubiri mwezi.