Inchi Moja na Nusu

Fundi Magesa ameviweka viwili juu ya pipa la oili chafu,
kimoja kushoto, kimoja kulia,
kama mtu anayeuza viazi.

Kushoto, spesa. Duara la alumini
lisilozidi kisahani cha kikombe.
"Tunaipachika juu ya springi yako ileile.
Laki mbili na nusu, na soda ya kijana.
Jioni unaondoka hapa Mabatini
na gari limesimama inchi mbili juu."

Kulia, boksi lenye vumbi la bandarini:
koili za mbele, mabapa ya nyuma, shokapu nne,
boshi zinazonuka mpira mpya.
"Inchi nne. Milioni tatu na kitu."
Hicho kitu hakukitaja.

Mimi nabeba barafu.
Saa tisa usiku napakia Igogo, mapande arobaini,
alfajiri niko Kayenze, sangara wananingoja macho wazi.
Katikati, mvua ikishanyesha,
kuna mahali barabara inaacha kuwa barabara:
udongo mweusi wa mbuga, umeshiba,
unashika difu kama mdai.
Machi nililala pale.
Nilisikiliza mzigo wangu ukinitoka
tone, shilingi, tone, shilingi,
hadi jua likaja kumalizia hesabu.

Kwa hiyo nataka kimo.
Nani asiyetaka kimo katika mji huu
ambako hata mawe yamepandana migongoni
kuchungulia ziwa?

Magesa ana uaminifu wake. Yuko chini ya gari,
sauti inanijia kupitia miguuni mwake:
"Sikudanganyi, mama Limi. Spesa ni mchuchumio.
Unaonekana mrefu, goti ni lilelile.
Ukiingia shimo, shokapu inafika mwisho
kabla shimo halijafika mwisho.
Bolijointi zinalia, ekseli inapinda shingo."
Spana ikagonga kitu. Kimya.
"Ila wapo waliokwenda na mchuchumio kanisani
wakarudi salama."

Nikacheka peke yangu.
Harusi ya Sengerema, enzi za kivuko, viatu vya kuazima:
kwenye kila picha nimesimama wima,
na hakuna picha inayonionyesha
nikishuka kivukoni peku, viatu mkononi.

Basi, boksi. Matofali ya Kishiri yangoje.
Inchi nne, nivuke mbuga
kama ndege wa miguu mirefu, tumbo kavu.

Luhende hakusema kitu.
Miaka sita ananipakilia, maneno yake nayahesabu.
Alikwenda nyuma ya gari,
akasimama pale anaposimama kila usiku.
Bodi ilimfika kifungo cha tatu cha shati.
Akalaza kiganja juu ya bodi, kikafika kifungo cha pili.
Kiganja kimoja tu.
Hapo mikono inaacha kubeba, mabega yanaanza.

Mara arobaini.
Kilo ishirini na tano, na maji yakimchuruzika mgongoni.
Nikatazama lile boksi.
Lilikuwa na vyuma vya kila kiungo cha gari.
La bega halikuwamo.

"Hizi koili, haya mabapa," nikauliza,
"haviwezi kuja bila urefu wote?"
Magesa akajivuta nje, uso una grisi,
akanitazama kama nimeagiza pilau bila bizari.
"Ununue nguvu, uache kimo?"
"Niachie kidogo. Inchi moja na nusu."
"Na mbuga?"
"Koleo ninalo. Na nitaondoka mapema."
Hakufurahi. Alikuwa ameshaliona gari kichwani mwake,
refu, likipita Buzuruga, watu wakiuliza nani kalinyanyua.

Jumanne, Igogo, saa tisa na dakika kumi.
Luhende akakumbatia pande la kwanza,
ukungu wa baridi ukimpanda kidevuni,
akalifikisha kwenye bodi, akasita.
"Nusu kifungo," akasema,
akalisukuma ndani.
Mabapa yakashuka kidogo, yakashika.
Nami gizani nilikuwa nimesimama
kwa ncha za vidole, sijui tangu lini.
Nikashusha visigino.

Yamebaki thelathini na tisa.